Matanga ya Chandralata

Jumatatu ile mama yangu, Katun, alikuwa akichambua mchele barazani kwetu Byculla, Bombay, huku akitabasamu peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni. Alisoma midomo ya watu, na midomo aliyoisoma vizuri kuliko yote ni ya dada yake, Mozeli.

Bombay nzima ilimjua Mozeli kwa jina la Chandralata. Miaka minane aliigiza malkia na wajane katika zile sinema zisizo na sauti. Kwa kuwa hakuna aliyemsikia, mbele ya kamera alisema alichotaka, tena kwa Kiarabu chetu sisi Wayahudi wa Baghdad. Ukumbi mzima ukilia, mama alicheka.

"We dada, huna moyo?" mwanamke mmoja alimfokea. "Mwenzio kafiwa na mume!"

Mama hakumsikia. Pale kwenye pazia Chandralata, akiwa amemkumbatia maiti, alikuwa akisema: "Katun, marehemu kala vitunguu huyu. Nazimia mie."

Babu yangu, mzee Shellim, hakucheka hata siku moja. Mozeli alipokwenda studio mara ya kwanza, babu alipasua ukosi wa kanzu yake, akavua viatu, akakaa chini siku saba kama afanyavyo baba aliyefiwa. Majirani walimletea mayai ya kuchemsha, chakula chetu cha wafiwa, wakala kimya. Na mtoto alikuwa hai, yuko Dadar, anajifunza kupanda farasi. Lilikuwa kosa baya, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kisha sinema zikaanza kusema. Mozeli hakujua Kihindustani cha maana. Watu walewale waliokuwa wakirusha sarafu kwenye pazia wakamzomea, naye akaenda Rangun, huko Burma, kucheza majukwaani. Mama alikuwa hajamaliza mchele wake tarishi alipoleta barua. Mozeli amekufa kwa homa, siku arobaini zilizopita.

Msiba uliochelewa kusikika hivyo, sheria yetu haiudai siku saba. Unakaliwa chini kwa muda wa saa moja tu.

"Saa moja, baba," mama alimsihi.

"Nilishamlilia," babu akasema. "Mtu hafi mara mbili. Nipe chai."

Alasiri mama alikwenda Grant Road, kwenye ukumbi mchakavu uliokuwa bado unaonyesha picha za zamani. Alitaka kumwona tu. Filamu yenyewe alikwisha kuitazama mara tisa: malkia yuko kwenye bembea, anamngoja mfalme arudi vitani. Siku hiyo Chandralata alishuka kwenye bembea. Akavua viatu. Akakaa sakafuni, akamtazama mama.

"Siku ya kwanza," midomo yake ilisema.

Mama alimshika jirani yake mkono. "Mbona kakaa chini?"

"Nani? Si huyo anabembea? Nenda kapumzike, mama."

Jumanne Chandralata alikuwa palepale sakafuni, na ukosi wa blauzi yake umepasuka. Siku ya pili. Jumatano mama akamuuliza bila sauti, kwa midomo, gizani: "Dada, unamlilia nani?"

Chandralata alijibu. "Baba."

Mama alirudi mbio, akamkuta babu anakula wali kwa kuku, mzima wa afya. Akamsimulia yote. Babu akamwambia aache upuuzi, pilipili haijatosha.

Alhamisi kijiko kilimponyoka. Ijumaa hakuweza kusimama. Daktari alimpima, akakuna kichwa, akaondoka. Jumamosi ni Sabato, wala matanga hayakaliwi hadharani siku hiyo, wala mama hakuwahi kuivunja maisha yake yote. Aliivunja, akaenda Grant Road. Alirudi midomo imemkauka.

"Ya sita," alininong'oneza.

Nilimchukia babu usiku ule, nasema kweli. Nilimchukia na kumwombea. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye mimi.

Jumapili, saa nane unusu, babu alisema, "Niteremsheni."

Tulimteremsha kitandani, tukamkalisha mkekani. Tukamvua viatu. Alipasua ukosi mwenyewe, kwa meno, maana mikono haikuwa na nguvu. Mama hakwenda Grant Road. Alikaa mbele yake, akimtazama midomo. Mimi nilishika saa.

Dakika kumi. Ishirini. Alilia kama mtoto mdogo. Alimwita Mozeli, jina ambalo hakulitamka kwa zaidi ya miaka minane.

Arobaini. Rangi ilianza kumrudia usoni. Mama alinishika mkono.

Hamsini. Babu akageuka upande wa kulia, ukutani, ambako hapakuwa na mtu. Akajisogeza kidogo kwenye mkeka, kama anampisha mtu akae.

"Bado kumi tu," akasema kwa upole. "Ningoje nimalize, mwanangu."

Akatega sikio.

"Haya," akasema. Kichwa kikamwangukia kifuani.

Waosha maiti walikuja jioni, wazee watatu wa sinagogi. Walipomvua kanzu waliniita. Kwenye bega lake la kulia, juu ya ngozi, palikuwa na alama ya kiganja cha mwanamke, vidole vyote vitano, kwa ule unga mweupe waliokuwa wakijipaka waigizaji ili sura ing'ae kwenye picha. Walimwosha mara tatu. Haukutoka. Tulimzika nao.