Sisimizi Nyuma ya Mtende

Kila alfajiri ya msimu wa tende, baba yake Mabruka alirudi kutoka shambani na mtungi wa legmi, maji matamu ya mtende yaliyogemwa usiku kucha. Na kila alfajiri kikombe cha kwanza kilikwenda kwa Tijani.

"Kunywa, mwanangu," mama alimbembeleza. "Tazama ulivyokonda! Umebaki mifupa mitupu."

Mabruka, mwenye miaka kumi na miwili, aliachiwa masalio ya chini yenye uchafu wa makuti. Alimtazama mdogo wake wa miaka tisa akigugumia kikombe cha pili, kisha cha tatu, naye moyo ukamchoma. Nyumba nzima ilimzunguka Tijani kana kwamba ndiye mtoto pekee aliyezaliwa humo. Mabruka alimwonea wivu, tena wivu mkali.

Shambani wanaume walijipanga kwenye shina la mtende toka kileleni hadi chini, wakipokezana mashada ya tende mkono kwa mkono yasianguke mchangani. Wanawake na wasichana walikaa mkekani wakichambua: nzuri kwenye kreti, mbovu kwenye gunia la mbuzi. Tijani alitakiwa kubeba kreti, lakini kila mara alikuwa ama anakunywa maji, ama anakimbilia nyuma ya mitende kukojoa.

"Huyo, kaondoka tena!" Mabruka alinung'unika. "Akiona kreti tu, mkojo unambana."

"Mwache mtoto," alisema shangazi yake, Khadhra.

"Mimi nilipokuwa na miaka tisa, shangazi, nani aliniacha?"

"Ulimi huo! Chambua tende."

Jumamosi Mabruka alimfuata kwa kunyata. Tijani alipoondoka pale nyuma ya mtende, yeye akainama kutazama. Sisimizi walikuwa wamejazana kwenye mchanga uliolowa, na wengine walikuwa njiani kwa msururu. Sisimizi hawafuati mkojo, aliwaza, wanafuata utamu. Kumbe Tijani alikuwa akiiba legmi, anaificha huku na kuinywa peke yake!

Angeweza kusema siku ileile. Hakusema. Alitaka amfumanie kikombe kikiwa mkononi, aaibike mbele ya watu wote. Jumapili alichungulia, akawaona sisimizi. Jumatatu vilevile, ila kikombe hakukiona.

Jumanne mchana Tijani alijilaza kando ya makreti, akatapika. Alihema kama mtu aliyetoka mbioni, na macho yake yalikuwa yamezama. Mama akaja mbio na kikombe cha legmi.

"Kunywa kidogo, upate nguvu."

Mabruka hakuweza kuvumilia tena. "Msimpe! Anayo yake anaificha! Ameinywa mpaka imemshinda. Njooni muone sisimizi wake!"

Shangazi Khadhra alimfuata hadi nyuma ya mtende. Akainama, akatazama, uso ukambadilika.

"Hapa kamwaga legmi?"

"Hapa ndipo anapokojoa, lakini..."

"Mungu wangu! Mkojo wa mama yangu ulijaza sisimizi hivihivi kabla hajafa." Akageuka akipiga kelele. "Kimwageni hicho kikombe! Washeni gari!"

Siku mbili baadaye Tijani alikuwa ameketi kitandani hospitalini, akilalamikia chakula. Daktari Sulefi, mzaliwa wa mashamba yaleyale, aliwaeleza wazazi.

"Mwili wa Tijani hautengenezi tena insulini, ile dawa ya mwili inayoingiza sukari kwenye misuli. Legmi haikumletea ugonjwa, ila ilimwongezea mzigo. Sukari ikajaa kwenye damu."

"Mbona ikatokea kwenye mkojo?" Mabruka aliuliza.

"Umewahi kuchambua tende? Basi figo hufanya kazi hiyo. Huchuja damu, kisha huokota kila kizuri kilichopita, sukari na maji, na kukirudisha kwenye damu. Siku ya kawaida haziachi hata chembe ya sukari ipotee. Lakini makreti yakimwagwa mengi kwa mpigo, je?"

"Mikono haitoshi. Tende nzuri zinakwenda na za mbuzi."

"Ndivyo hivyo. Figo nazo zina kikomo. Sukari inayozishinda hutoka na mkojo, na huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana kiu haikwisha."

Baba akamshika Mabruka bega. "Macho yako yamemwokoa ndugu yako. Leo nitamwambia kila mtu."

Sifa aliyoililia msimu mzima ilikuwa imefika, naye akatamani ardhi immeze. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Baba, usiwaambie," alisema, machozi yakimtoka. "Niliwaona sisimizi tangu Jumamosi. Nilinyamaza ili nimfumanie. Nilimwonea wivu."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa. Daktari ndiye aliyesema.

"Siku tatu ni nyingi, Mabruka. Tungeweza kumpoteza, sikufichi. Uliona vizuri kuliko wakubwa wote, lakini wivu ukakutafsiria ulichokiona. Kuanzia leo, mtu ukimwona ana jambo, muulize kwanza kabla hujamhukumu. Na ukweli ulioutoa sasa hivi, bila kulazimishwa, uushike hivyohivyo."

Muuguzi aliingia na sindano ya insulini kumfundisha mama. Mama aliishika sindano, akaitazama ncha yake, akairudisha mezani.

"Nifundisheni mimi," Mabruka alisema.

Tijani aliruka kitandani. "Huyu? Huyu atanichoma kwa hasira!"

Watu wakacheka, hata mama. Mabruka hakucheka. Alisogea karibu naye.

"Tijani, unaumwa wapi?"

Tangu msimu uanze, hakuwa amemuuliza. Mdogo wake alikunja shati mpaka begani, kisha akampa mkono.