Rangi ya Balozi Hhando

Jioni ile Cresensia alitoka uani kuchukua kuni tu, basi. Ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi. Kichwa chake, kilichonyolewa siku ya kumzika mumewe, kiliuma kwa baridi, akakikazia kanga.

Alipokaribia jikoni, akasikia harufu.

Magome ya mti wa mwati yanachemka...

Harufu hiyo aliijua kuliko ya mboga zake mwenyewe. Miaka yote ya ndoa, kila mwezi, alifunga mlango, akachemsha magome ya mwati pamoja na misumari yenye kutu mpaka maji yakawa meusi tii, akampaka mumewe mvi. Mzee Hhando alikuwa balozi wa nyumba kumi, na huko kilabuni alijigamba kwamba ukoo wao hauoti mvi.

"Siri hii ni yangu na yako, mama Josephati," alimwambia. "Hata nikifa, usiniache nionekane."

Basi akaugua, na katika kuuguza nani angekumbuka rangi? Nywele zikaota nyeupe kutoka chini. Walioosha maiti walitoka wakiuma midomo. Mmoja akanong'ona, "Kumbe balozi wetu punda milia." Msiba mzima ukacheka chini chini. Lukresia, jirani yake, akamuuliza, "Na wewe mwenzetu, ulijua?"

"Mimi? Sikujua."

Akacheka nao. Alicheka, jamani, na mume hajafukiwa. Tangu siku hiyo aibu ilimkaa kooni. Hata kanisani alikaa benchi la mwisho, asitazamane na mtu.

Sasa chungu kilikuwa motoni, na yeye hakukiinjika. Kwenye kigoda, mtu amekaa, ameupa mlango mgongo. Shuka begani. Shingo ameiinamisha, kama alivyozoea.

Hakugeuka.

"Mama Josephati... paka, kabla giza halijaingia."

Miguu ilikataa kukimbia. Akachovya mikono, akaanzia kisogoni kama zamani. Nywele zilikuwa baridi, zimegandana na udongo mwekundu. Machozi yalimtoka, naye akazidi kupaka.

"Walicheka?"

"Walicheka."

Ukuni ukapasuka motoni.

"Na wewe... ulicheka?"

Akachovya tena mikono. Ndiyo moja tu, na huenda mzee angeridhika, akaenda zake.

"Hodi, jirani. Naomba moto."

Lukresia alikuwa mlangoni, kigae cha kubebea makaa mkononi. Cresensia aligeuka upesi, kisha akatazama tena nyuma. Kigoda kilikuwa kitupu. Lukresia akanusa. Akatazama chungu, akatazama mikono ya mwenzake, myeusi mpaka viwikoni, wala hapakuwa na cha kuinawia: mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani hata kwenye duka la ushirika.

"Unampaka nani?" akauliza taratibu.

Angesema. Alitaka kusema. Aibu ikamtangulia.

"Najipaka mwenyewe."

Lukresia alikuwa akitazama kanga iliyomwangukia Cresensia mabegani, na kile kichwa kilichonyolewa, hakina hata unywele mmoja wa kupaka. Kigae kikamponyoka. Akarudi kinyumenyume, kisha akatimua mbio gizani.

Nyuma ya Cresensia, kigoda kikalia, kama kinavyolia mtu akikaa.

"Mama Josephati... hujanijibu."