Mwali wa Tanuri la Gudny

Theluji ilikuwa ikidondoka polepole juu ya Ziwa Winnipeg. Gudny alisimama dirishani, kahawa mkononi, kipande cha sukari kati ya meno. Theluji ya namna hiyo ilimsahaulisha saa. Leo binti yake alikuwa anakuja na Asta, mjukuu wa kwanza, mtoto wa wiki tatu. Kitanda kilikuwa tayari, lakini nyumba ilikuwa baridi.

"Baldur! Tanuri limezimika tena!"

"Limeshawaka," mumewe alijibu kutoka chumba cha chini. "Njoo uone ufundi!"

Gudny akashuka. Mwali mdogo wa buluu ulikuwa ukichezacheza ndani ya tanuri la gesi lililopasha nyumba nzima joto. Akautazama kama mtu aliye ndotoni. Kisha akaona kipande cha ubao. Baldur alikichomeka ili kitufe cha gesi kibaki kimebonyezwa.

"Nafanya hivi kila siku kwenye kibanda changu cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa," Baldur alijigamba. "Nimekufa?"

"Kibanda chako kinapitisha upepo kila upande. Asta atalala ndani ya nyumba hii iliyofungwa!"

Gudny aliogopa. Akamwita jirani yao Halla, mwanamke fundi wa matanuri. Halla alipofika hakusalimu hata. Alichomoa ule ubao, na mwali ukazimika.

"Mzee, umemfunga mlinzi mikono," alisema. "Unaona kijiti hiki cha shaba? Mwali ukikipasha joto, kinatoa umeme kidogo sana. Umeme huo unaiacha njia ya gesi wazi. Mwali ukizimika, kijiti kinapoa, gesi inajifunga. Ukibana kitufe kwa ubao, gesi itatoka tu hata mwali ukizimika, nanyi mmelala."

Baldur akainamisha kichwa.

"Sasa mbona unazimika?" Gudny aliuliza.

Halla alifunga gesi, akangoja kijiti kipoe. Akakisugua masizi kwa msasa laini, akakaza nati yake. Akawasha, akabonyeza kitufe kwa dakika nzima, akaachia. Mwali ukazimika.

"Kimechoka. Hiki hakitengenezwi, shoga yangu, kinabadilishwa."

Akafunga kipya, ncha yake ikiwa katikati ya mwali. Safari hii alipoachia kitufe, mwali ulibaki.

"Na tukisikia harufu ya gesi?" Gudny akauliza.

"Msiwashe wala kuzima chochote, hata taa. Tokeni wote. Simu mpige mkiwa nje."

Alasiri binti yao alifika, na Asta akalala kwenye joto. Gudny naye alisinzia kando yake. Upepo mkali ukavuma kutoka ziwani, ukaingia kwenye bomba la moshi. Gudny alishtuka, akashuka mbio na Baldur nyuma yake. Tanuri lilikuwa giza.

Gudny akasogea karibu. Akanusa. Hakuna harufu. Akanusa tena, chini kabisa, karibu na sakafu. Hakuna.

Kijiti kilikuwa kimefanya kazi yake. Gudny akaketi kwenye ngazi, machozi yakamtoka kwa furaha. Wakangoja dakika tano kabla ya kuwasha tena, kama Halla alivyowafundisha.

"Mama, tanuri limezimika?" binti yao aliita kutoka juu.

"Limezimika, mwanangu," Gudny alijibu. "Na sote tuko hai."