Mapezi Marefu kwenye Shimo la Chapwa

Maiti ya mzamiaji ilikuwa imelala kifudifudi kwenye maji ya pembeni, mtungi wa hewa mgongoni, miguuni mapezi marefu meusi yaliyochezacheza kila upepo ulipopita. Watu wa Chapwa walisimama mbali. Hakuna aliyetaka hata kivuli chake kiguse maji yale.

"Shimo limemla na huyu," mtu alisema.

Lilichimbwa na makandarasi wa barabara waliotafuta kokoto, wakaenda zao, mvua zikalijaza. Machi ya mwaka huo, 2009, baiskeli ya Luka, fundi baiskeli wa hapohapo Chapwa, ilikutwa ukingoni. Luka mwenyewe hakuonekana. Tangu hapo watu waliapa kwamba jioni husikia kengele ya baiskeli ikilia chini ya maji. Na tangu hapo mama yake, Ferista, aliacha kahawa yake shambani akawa anashinda pale ukingoni na blanketi mapajani. Akiulizwa la nini, husema mwanawe akitoka atakuwa na baridi.

Inspekta Roda Mbonile alikuwa akimwona mama huyo hata akifumba macho. Ndiye aliyemwita Aziz, mzamiaji wa Kigoma, aje amtafute Luka. Sasa Aziz naye ni maiti, na Roda alijilaumu.

"Afande, halmashauri wamechoka," alisema Sajini Lusubilo kwa sauti ya chini. "Watu wanatishia kuhama. Mtambo wa kijiko unakuja mchana kulifukia."

"Na Luka?"

"Atabaki humohumo."

Ferista alisikia. Hakulia. Alilivuta blanketi kifuani, na Roda akatamani angelia.

Inspekta aliinama akaitazama miguu ya marehemu. Jana yake, kabla Aziz hajazama mara ya kwanza na Roda hajarudi kituoni, walisimama hapahapa wawili, Aziz akichagua mapezi, naye akimuuliza maswali kwa udadisi tu.

"Haya marefu yana kiatu kizima, unavaa peku," Aziz alikuwa amemweleza. "Ni ya ziwani kwetu, maji maangavu. Unapiga mguu mara moja unafika mbali. Lakini humu yatatibua tope, sitaona hata mkono wangu. Haya mafupi ni magumu, yana mkanda nyuma ya kisigino, na ndani navaa buti za mpira. Napiga miguu kama chura. Tope linabaki limelala."

"Sasa marefu umeyabeba ya nini?"

"Mazoea, dada. Humu siyavai hata unishikie bunduki."

Na sasa alikuwa ameyavaa.

"Lusubilo," Roda alisema, "nenda nyumbani alikofikia. Nataka kila kitu chake."

Kwenye chumba cha maiti daktari hakuchukua muda. "Huyu hakuzama. Mapafu hayana maji. Alizibwa pumzi kwa kitu laini, mto pengine, kisha ndipo akatiwa majini." Aliyavuta yale mapezi, akainamia miguu. "Na hii sijaielewa."

Vidole gumba vya miguu vilikuwa na alama ya kamba. Chini ya kidevu palikuwa na alama pana ya kitambaa.

Roda aliielewa. Hivyo ndivyo anavyolazwa maiti wa nyumbani: taya hufungwa lisibaki wazi, vidole gumba hufungwa pamoja miguu inyooke. Mtu alimuua Aziz, akamlaza kwa heshima kama ndugu yake, kisha akamfungua na kumvika kwa safari ya majini.

Aziz alifikia kwa Hamis, mwenye lori pale Tunduma mjini. Hamis alijitolea kumlaza na kumlisha bure. Ndiye pia aliyempelekea Ferista chai ya maziwa kila asubuhi pale shimoni. Mji mzima ulimsifu.

"Aziz alitoka na nani?" Roda alimuuliza kituoni.

"Na mimi, afande. Alfajiri. Nilimfikisha, nikarudi kuswali."

"Ulimwona akivaa?"

"Kwa macho yangu. Alikaa ukingoni akavaa."

"Jozi zilikuwa mbili. Alichaguaje?"

"Alisema maji ni ya kina kirefu, basi anavaa marefu."

"Alisema hivyo?"

"Wallahi, afande."

"Buti zake za mpira ziko wapi?"

"Buti?"

"Lusubilo amezikuta uani kwako, zimeanikwa kwenye kamba. Mapezi mafupi yako chini yake. Aziz asingevaa marefu kwenye tope lile, aliniambia mwenyewe. Aliyeyachagua hakujua. Aliona ni marefu, na hayana mikanda ya kuhangaika nayo kwenye mguu wa maiti. Nakosea?"

Hamis alivua kofia yake akaishika mapajani.

"Hamis. Vidole vyake ulivifunga ya nini?"

Hapo alivunjika. Aliufunika uso kwa kofia yake akalia kama mfiwa.

"Singeweza kumwacha vile, afande. Mtu amekula kwangu."

"Kumuua uliweza."

"Aliliona turubai! Alipotoka majini jana jioni aliniambia tukila: chini kuna turubai la lori, limefungwa na mkono wa mtu. Akasema kesho tutakwenda wote kwa inspekta. Akalala. Nikachukua mto."

"Ndani ya turubai kuna nani?"

"Luka. Nilikuwa narudi kinyumenyume na lori. Kengele niliisikia, afande. Niliisikia, nikadhani atapita."

"Kwa nini hukuja kituoni?"

"Wangenichoma! Mwaka juzi dereva alichomwa hapahapa, yeye na gari lake, kabla trafiki hajafika. Niliogopa. Nikamfunga na mawe, baiskeli nikaiacha ukingoni."

"Na ile chai ya mama yake?"

Hamis alisema ile kengele anaisikia mpaka kwenye sala.

Kijiko kilizimwa. Yassir, mdogo wake Aziz, alifika kutoka Kigoma kumzika kaka yake, na Roda, kwa aibu, akamwomba azamie. Yassir aliyatazama mapezi ya marehemu, akayaweka kando marefu, akafunga mikanda ya yale mafupi.

Turubai lilipofunguliwa ukingoni, polisi waligeuka pembeni. Ferista hakugeuka. Aliona kitambaa cheupe kidevuni, na vidole gumba viwili vimefungwa pamoja kwa fundo dogo safi.

"Nani amemlaza mwanangu vizuri hivi?"

Roda alitamani kudanganya. "Aliyemuua, mama."

"Yule wa chai?"

"Ndiye."

Ferista alimtandikia mwanawe blanketi, akalichomeka kila upande upepo usiingie. Mikono ilipomaliza kazi yake, akakaa.

"Kumbe alijua Luka ana mama," alisema.