Ufito Kwenye Shingo ya Maduhu

Asubuhi nyumbani kwa Maduhu huanza na sauti za ng'ombe. Nyumba yao iko bondeni, upande wa Ivuna, ambako jua likichomoza tu joto nalo limeshafika. Mke wake, Shani, ambaye humwita mama Angel kwa jina la mtoto wao, hukamua maziwa huku akiimba nyimbo za kwaya. Maduhu hukagua zizi. Mdogo wake, Masumbuko, hunywa uji akiwa amesimama.

"Shemeji, kaa. Uji hauna miguu, hautakukimbia," Shani humwambia.

"Nikikaa nitashiba upesi," Masumbuko hujibu, na wote hucheka.

Masumbuko anajulikana kwa kutibu ng'ombe. Ng'ombe akichomwa na pembe au mti, wafugaji humwita yeye. Huushika mti, huuchomoa kwa nguvu mara moja, kisha hujaza majivu na chumvi kwenye kidonda. Ng'ombe wengi wamepona. Wengine wamekufa, lakini hao hawatajwi sana.

Siku moja ndugu hao wawili walikwenda kukata fito za kutengeneza zizi. Walizichonga ncha kwa panga hukohuko porini, wakazipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Maduhu alikaa juu ya mzigo. Walipokaribia nyumbani, gurudumu liliingia kwenye shimo. Mkokoteni ukainama, fito zikamwagika, na Maduhu akaziangukia.

Shani alisikia yowe akatoka mbio. Alimkuta mumewe amekaa chini, ameshika shavu. Ufito ulikuwa umemwingia shingoni, upande wa kushoto, chini ya taya. Ulikuwa umevunjika, na kipande kilichobaki nje kilikuwa na urefu wa kidole. Damu ilitoka kidogo tu, ikalowesha ukosi wa shati.

"Si jambo kubwa," Masumbuko alisema. "Shemeji, lete majivu na chumvi. Nauchomoa sasa hivi."

"Huyu si ng'ombe, Masumbuko!"

"Nyama ni nyama. Mti ukikaa ndani unaoza. Unataka kaka yangu aoze?"

"Mwache achomoe," Maduhu alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ufito unaniuma, mama Angel."

Shani hakwenda kuchukua majivu. Alichukua simu akampigia Nesta, jirani yao Mnamwanga, ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Nesta alifika mbio, mikono bado ina unga wa ugali. Wakati huo Masumbuko alikuwa amepiga magoti, na vidole vyake vilikuwa vimeshaushika ufito.

"Toa mkono hapo!" Nesta alipaza sauti.

"Mama, mimi kazi hii nimeianza zamani."

"Najua. Niambie kitu kimoja. Dumu lako la maji likitoboka njiani, unafanyaje?"

"Naziba tundu kwa kijiti."

"Ukikichomoa kile kijiti?"

Masumbuko aliutazama ufito. Kisha akasema polepole, "Maji yote yanamwagika."

"Basi. Shingoni kuna mishipa mikubwa ya damu. Kuna njia ya hewa na njia ya chakula. Zote zimepita mahali padogo. Hatujui ufito huu umegusa nini huko ndani. Huenda wenyewe ndio umeziba tundu. Ukiuchomoa hapa, damu ikaruka, utaizuia kwa kitu gani? Kwa majivu?"

Masumbuko aliuachia ufito.

"Sasa tufanye nini?" Shani aliuliza.

Nesta alinawa mikono kwa sabuni. Alimlaza Maduhu chali taratibu, akamwambia asigeuze shingo. "Ukiona hewa haitoshi, au damu inakuja mdomoni, nyoosha mkono tukukalishe. Usiongee sana." Alimtaka Masumbuko akae upande wa kichwani, akishike kichwa cha kaka yake kwa mikono miwili kisicheze. Kisha alikunja vitambaa safi vya Shani, akavipanga kuuzunguka ufito bila kuusukuma. Mahali damu ilipotoka alibana kwa kiganja.

"Nimfunge kanga shingoni ili kitambaa kisianguke?" Shani aliuliza.

"Hapana. Ukizungusha kitu shingoni unamnyonga. Tunashika kwa mkono tu."

"Naomba maji," Maduhu alisema.

"Pole, baba. Maji hapana, uji hapana, dawa ya kumeza hapana. Kama njia ya chakula imetoboka, maji yatapita kwenye kidonda. Na huko unakokwenda watakulaza usingizi wa upasuaji. Tumbo liwe tupu."

Nesta alikwishapiga simu kituo cha afya. Gari dogo la kubebea chumvi lilipatikana, wakatandika godoro nyuma. Masumbuko alikishika kichwa cha kaka yake njia nzima. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila gari liliporuka alimfokea dereva kama anayefokea maksai.

Kituoni, mganga hakuuchomoa ufito. Alimwekea Maduhu dripu, akamchoma sindano ya pepopunda, akaita gari la wagonjwa. Wakapanda milima mpaka hospitali kubwa kule juu, kwenye baridi. Shani aliona uvimbe umeanza kuongezeka shingoni kwa mumewe. Aliomba kimoyomoyo, bila kuimba.

Daktari wa upasuaji aliitwa Fides. Alimsikiliza Maduhu kifuani, akatazama uvimbe, akasema, "Huyu anaingia chumba cha upasuaji sasa. Nahitaji watu wa kutoa damu."

"Mimi," Masumbuko alisema kabla daktari hajamaliza. Alishakunja mkono wa shati.

Akapimwa, na damu yake ikafaa. Shani alikaa kwenye benchi akijifunika kitenge. Alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe Daktari Fides alitoka, amevua kofia yake.

"Mume wako yuko hai," alisema.

Shani alilia kwanza. Masumbuko ndiye aliyeuliza walichofanya huko ndani.

"Tulimlaza usingizi, tukapitisha mrija wa mpira mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, ili apumue vizuri. Kisha tulipasua pembeni ya kidonda, tukatafuta mishipa. Mshipa mmoja mkubwa wa damu ulikuwa umetoboka, na ncha ya ufito imekaa kwenye tundu lenyewe. Tuliubana mshipa juu na chini, ndipo tukautoa ufito huku tunauona. Tukashona. Tulikagua njia ya hewa na njia ya chakula, zote nzima. Tukasafisha vipande vya maganda ya mti."

"Na kama mimi ningeuchomoa kule nyumbani?"

Daktari alimtazama. "Asingefika hapa."

Masumbuko alikaa kwenye benchi. Safari hii alikaa kweli, na hakuinuka upesi.

Maduhu alirudi nyumbani akiwa na mshono mrefu shingoni. Mwanzoni sauti ilikwaruza, na Shani alimtania kwamba anaongea kama redio iliyoishiwa betri. Alimeza dawa zote alizoandikiwa. Alirudi hospitali siku aliyopangiwa kukaguliwa. Sauti ikarudi, na kufoka nako kukarudi.

Msimu uliofuata wafugaji walikutana kwenye josho kuogesha ng'ombe. Kila mmoja alitaka kuuona mshono. Maduhu aliinua kidevu, akageuka huku na huku kama bwana harusi anayepigwa picha. Nesta naye alikuwepo. Aliwaambia kwamba hata kidonda kidogo cha shingo, hata kisichotoa damu nyingi, ni cha kukimbiza hospitali. "Uvimbe, sauti kukauka, kumeza kwa shida, kukohoa damu, au mapovu kwenye kidonda, hizo ni dalili mbaya. Lakini msisubiri mzione."

Mzee mmoja alimgeukia Masumbuko. "Kwa hiyo wewe siku hizi huchomoi tena?"

"Nachomoa, mzee. Mwenye miguu minne nachomoa."

"Na mwenye miwili?"

"Huyo namshikia kichwa, naita gari."