Safari ya Wahu na Hesabu ya Rukia

Kila siku ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure wanayopewa wanafunzi, Rukia alitoka shuleni na pakiti mbili: yake, na ya rafiki yake Wahu. Wahu alikuwa nyumbani kwao Kapsoya, akiuguza kidonda. Baba yake, Mzee Gerishon, alikuwa amempeleka Bombay kupasuliwa moyo. Majirani wote walichangia safari hiyo.

Jioni moja Mzee Gerishon alimsimulia Rukia habari za ndege. "Tuliruka Nairobi saa mbili asubuhi, tukatua Bombay saa kumi na nusu jioni. Kurudi, tuliruka Bombay saa mbili asubuhi, na saa tano na nusu tulikuwa Nairobi."

Rukia alihesabu kwa vidole. Kwenda, muda wa saa nane na nusu. Kurudi, saa tatu na nusu tu. Njia si ni ile ile? Hakuuliza. Aliaga akaenda zake, shaka ikimtafuna.

Kesho yake alimweleza Elphas, mwanafunzi mwenzake, wakiteka maji bombani.

"Labda kurudi ni mteremko," Elphas akacheka, "kama lori likishuka Timboroa!"

"Angani kuna mteremko?"

"Basi hawakufika. Walilala Nakuru, wakala michango yetu."

Neno likishatoka kinywani halishikiki mkia. Baada ya siku chache watoto walikuwa wakipita dirishani kwa Wahu wakiimba, "Mgonjwa wa Bombay ya Nakuru!" Hata Mama Priscah, aliyekuwa akimletea uji, aliacha kuja.

Rukia alimkuta Wahu amejifunika shuka gubigubi. "Sirudi shule," Wahu alisema. "Hata nikipona."

Kidonda kile hata hospitali ya Nakuru angekipata, Rukia alijiambia. Lakini moyo wake ulikuwa mzito. Alimweleza mama yake, aliyekuwa dukani akipima sukari.

"Mjomba wako Nur anaishi wapi?" mama aliuliza.

"Karachi. Upande wa Bombay."

"Ramadhani iliyopita alipiga simu akasema ameshafuturu. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nanusa sambusa tu. Jua lilikuwa bado..."

"Alidanganya?"

"Hapana, Mama. Kwao lilikuwa limeshazama."

"Jua huanzia kwao. Saa za Bombay zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu, na msafiri akitua husoma saa ya pale alipo. Haya, hesabu upya."

Kwenda, alipunguza. Kurudi, aliongeza. Kote kote, saa sita.

Alikimbia bombani, akasema mbele ya wote, "Ni mimi niliyeanzisha. Nilikosea." Akawaeleza. Elphas alijikuna kisogo, kisha akamfuata mpaka kwa Wahu kuomba msamaha. Mama Priscah naye alikuja nyuma yao, macho chini.

Mzee Gerishon hakuwafokea. Aliwavutia viti, akawamiminia chai. Wahu alisikiliza yote, akafuta machozi, akasema, "Nikipona, mnipitie twende shule pamoja."

"Kuhesabu si kosa, Rukia," alisema Mzee Gerishon. "Hata kutilia shaka si kosa. Kosa ni kwamba uliuliza kila mtu isipokuwa mimi."