Ndege wa Vitambaa na Stetasi ya Mama

Habari hii nilisimuliwa na fundi anayenishonea, wiki ile shule zilipofunga, nilipokwenda kupunguziwa upindo wa gauni. Yale ambayo yeye hakuyaona kwa macho yake, binti yake aliyajazia, akiwa amechuchumaa sakafuni akiokota pini kwa kipande cha sumaku.

Binti huyo wanamwita Sindano. Ni mwembamba, ni mwepesi, na ukimchokoza anachoma kwa maneno. Rafiki yake wa ng'ambo ya barabara walimpa jina la Uzi, kwa sababu kila alipopita Sindano, Uzi alifuata nyuma. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Ukitaka kujua aliko mmoja, ulimwuliza mwenzake.

Kila siku akitoka shuleni, Sindano alivua sare, akafua soksi, akala, kisha akaingia chumba cha mbele ambacho ndicho karakana ya mama yake. Humo mlikuwa na cherehani mbili, sanamu la nguo lisilo na kichwa, na pembeni kabisa kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kwenye ofisi moja iliyofungwa. Mama alikuwa ameishonea kompyuta hiyo shuka lake, vumbi la vitambaa lisiingie ndani. Sindano alilivua shuka, akaiwasha, akafungua programu iliyounganishwa na simu ya mama. Jumbe zote zilizoingia kwenye simu zilionekana pale kwenye kioo kikubwa, na stetasi za kutangaza kazi ya mama ziliwekwa kutoka pale pale. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Sindano. Mama alikuwa bingwa wa mkasi, lakini akigusa simu, vidole vyake viligeuka magogo.

"Leo tuweke ipi, mama?"

"Ile sketi ya karani. Nimemwona ameivaa kazini jana."

"Na koti la kinyozi?"

"Hajalichukua. Sheria unaijua."

Aliijua. Nguo ambayo mwenyewe hajaivaa haiwekwi hewani. Mama alipenda kusema, "Mteja hanipi kitambaa tu, ananipa na siri yake. Naye anataka watu washtuke siku atakayotokea nayo, si kabla." Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi: simu ya kazi haitoki karakana.

Hiyo ya pili, Sindano aliivunja mara moja tu. Mama alikuwa amekwenda kununua bitana, ile nguo ya ndani ya koti, na umeme ukakatika. Ng'ambo ya barabara, wanakotumia laini nyingine ya umeme, taa zilikuwa zinawaka. Sindano akaichomoa simu, akavuka mbio hadi kwa akina Uzi, wakaiunganisha na kompyuta ya kaka yake Uzi anayesoma chuo. Stetasi ikawekwa kwa sekunde chache. Akarudi mbio kabla mama hajafika.

"Umewekaje na umeme hakuna?" mama akauliza akitua mzigo.

"Ulirudi kidogo, halafu ukakatika tena," Sindano akajibu bila kupepesa macho.

Mama akaridhika. Uongo ule ukapita kama uzi kwenye tundu la sindano, mambo yakaendelea.

Muhula ule shule yao ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya maigizo. Katika mchezo wao kulikuwa na Ndege mkubwa anayewarudishia watu mvua, na kila msichana alitaka kuwa Ndege. Uzi alikariri maneno yote, hata ya wenzake. Lakini mwalimu wa maigizo alimchagua Sindano.

"Hongera," Uzi alisema. Alitabasamu kwa midomo tu, macho hayakushiriki.

Mwalimu akaja mwenyewe karakana kuagiza maleba ya Ndege. "Mama, shule nyingine wana tabia ya kuiga," alisema. "Nakuomba, asiione mtu mpaka siku ya mashindano."

"Mwalimu, hapa siri inakatwa, inashonwa, inapigwa pasi," mama akacheka.

Alishona kwa moyo wake wote, manyoya ya kitambaa cha rangi ya kijivu na nyeupe, moja juu ya jingine. Kila hatua alimpigia mwalimu picha na kumtumia yeye peke yake.

Siku zile Sindano aliona jambo dogo la ajabu. Uzi alikuwa anajua mambo kabla ya kuambiwa. "Mama mkubwa wako anakuja Jumamosi, eti?" aliuliza siku moja, wakati Sindano mwenyewe hakuwa na habari. Siku nyingine akasema, "Mwambie mama yako apumzishe mgongo."

"Wewe una masikio ya sungura!" Sindano alicheka. Hakuwaza zaidi. Nani humpekua rafiki yake?

Kisha, alasiri moja, majirani wakaanza kuchungulia mlangoni. "Fundi, ndege huyo ni balaa! Tumemwona kwenye stetasi!" Mama akadhani wanatania, mpaka alipoingia mwalimu wa maigizo, jasho likimtoka.

"Mama, shule ya jirani wamenipigia simu kunipongeza. Kunipongeza! Kabla hata hatujapanda jukwaani!"

Akaonyesha simu yake. Pale alikuwa Ndege, amevishwa sanamu, chini ya jina la mama.

"Kama siri ya Ndege inavujia nyumbani kwa Ndege mwenyewe," mwalimu alisema, "itabidi nitafute Ndege mwingine. Na fundi mwingine pia." Akaondoka bila kuaga.

Mama aliifuta ile stetasi, kisha akamgeukia binti yake polepole. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Ni nani anaweka stetasi humu ndani?"

"Mimi, mama. Lakini hii si mimi! Haki ya nani tena!"

"Ina maana kompyuta iliamka yenyewe, ikavua shuka lake, ikachagua picha?"

"Mama, niamini."

"Nilikuwa nakuamini. Ndiyo maana inauma." Akachomoa waya wa kompyuta ukutani, akauviringa na kuutia kabatini.

Kesho yake shuleni Sindano alijitenga nyuma ya madarasa, analia. Uzi akamfuata kama kawaida yake. Alikata mkate wake, akampa nusu.

"Pole, rafiki yangu. Mama yako naye mkali. Lakini hata mimi ningedhani ni wewe." Akatafuna kidogo. "Sasa mwalimu kasema Ndege atakuwa nani?"

Jioni ile umeme ulikatika tena. Mama alikuwa anatia vifungo kwa mkono kwenye mwanga wa tochi, na Sindano akimshikia tochi hiyo. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, katikati yao, ikalia. Halafu ikalia tena na tena.

Mama akaiwasha. Kulikuwa na stetasi mpya, na watu wameshaanza kuijibu. Ilikuwa picha nyingine ya Ndege, ya kichwa na mdomo wake wa manjano, na maneno chini: "Njooni mumwone bure, kiingilio hakuna!"

Mama akaitazama simu, akamtazama Sindano na tochi yake, akaitazama kompyuta kule pembeni, imelala chini ya shuka, haina umeme wala waya. Mkono ukamshuka.

"Mwanangu," alisema, "nisamehe. Nilikusingizia. Kuna mwizi ameingia kwenye simu yangu. Kesho nitaitupa laini hii, nianze upya."

Hapo, wapenzi wasomaji, Sindano angenyamaza angekuwa amesafishika kabisa. Mama alikuwa ameshaomba radhi. Lakini macho ya Sindano yalikuwa yamevuka barabara, mpaka kwenye dirisha moja lenye mwanga, na yote yakamjia kwa mpigo: mama mkubwa na Jumamosi, mgongo wa mama, nusu ya mkate. Kompyuta ile ya kaka yake Uzi hakuwahi kuitenganisha na simu. Alipotoka mbio siku ile aliuacha mlango wazi, na mtu aliingia akakaa.

Akaiweka tochi mezani.

"Si mwizi, mama. Ni mimi niliyemfungulia. Ile siku uliyokwenda kununua bitana, umeme haukurudi. Nilikudanganya. Nilivuka na simu hadi kwa akina Uzi."

Mama akavaa kandambili zake. "Twende."

Kaka yake Uzi ndiye aliyefungua mlango. "Karibuni. Kuna nini, mama?"

"Tunaomba kuona kompyuta yako, baba."

Uzi alikuwa ameketi mbele yake. Alipowaona alibonyeza kitufe haraka, kioo kikawa cheusi. Kaka akanyoosha mkono, akakiwasha tena. Jumbe za mama zilijaa pale, za wateja wenye siri zao na za dada yake, ambaye mama alikuwa akimlalamikia maumivu ya mgongo. Juu ya jumbe hizo kulikuwa na picha ya Ndege.

"Sijafanya kitu!" Uzi alisema. Kisha, walipozidi kumtazama, akalipuka. "Wewe si ndiye uliyeniachia? Ningefanyaje? Maneno ya Ndege nayajua yote! Mwalimu kakuchagua kwa sababu mama yako ndiye anayeshona!"

Sindano alikuwa na swali moja tu.

"Uliponipa nusu ya mkate, ulikuwa unajua ninalia kwa sababu gani?"

Uzi akainamisha kichwa.

"Nijibu."

"Nilijua," Uzi akanong'ona.

Sindano alijisikia kama nguo iliyochanwa pale pale penye mshono, mahali ambapo hakutegemea. Alitamani kumrukia, lakini mama alimshika bega na kumpa simu.

"Mlango uliufungua wewe. Ufunge wewe."

Akatafuta mahali pa vifaa vilivyounganishwa, akaigusa kompyuta ile, akaiondoa. Kwenye kioo maisha ya mama yakatoweka, ikabaki ile alama ya mraba yenye vidoti vingi ya kuunganishia simu, inangoja mgeni mwingine.

Asubuhi walimfuata mwalimu ofisini. Mama hakumsemea binti yake. Sindano alianza na kosa lake mwenyewe, la simu na la uongo, ndipo akafikia la rafiki yake. Uzi naye aliletwa na kaka yake, akakiri huku machozi yakidondokea viatu.

"Nimewasikia wote," mwalimu alisema. "Lakini Ndege ameshaonekana. Tufanyeje?"

"Mwalimu," mama akasema, "hao wamemwona Ndege amekunja mabawa. Akiruka hawajamwona."

Mwalimu akakubali Sindano abaki Ndege, na mama akaenda akayafumua mabawa. Kila alasiri, baada ya kufua soksi, Sindano alikaa chini kuchomoa nyuzi za zamani, vidole vikamuuma. Mama alichukua mabaki ya vitambaa vya wateja wake, vyekundu, vya samawati, vya kijani, vyenye maua na vyenye mistari, akaviunga kuwa bitana ya mabawa. Hakupiga picha hata moja.

Siku ya mashindano, shule ya jirani walileta ndege wao wa rangi ya kijivu na nyeupe, na watu wakapiga makofi. Kisha akapanda Sindano, ndege wa rangi ya kijivu na nyeupe vile vile. Ukumbi ukaguna: "Aah, wameigana!" Alipofika pale mvua inaporudi, akafungua mikono. Rangi zote zikamwagika. Watu walisimama juu ya viti, na mwalimu akasahau kuwa yeye ni mwalimu, akapiga vigelegele.

Nani alishinda? Fundi alinitajia, lakini mwenyewe alisema hilo silo alilolikumbuka zaidi. Alilolikumbuka ni kwamba jioni ile Uzi alikuja akasimama mlangoni pa karakana, hakuthubutu kuingia.

"Nisamehe," alisema. "Bitana ilikuwa nzuri."

Sindano alimtazama. Moyo ulikuwa bado unachuruzika damu. Hakumkaribisha kiti, na hakumfukuza. Alimsogezea kopo na kile kipande cha sumaku. "Pini zimemwagika kule chini ya meza," alisema. Uzi akapiga magoti, akaanza kuokota. Alipomaliza, akaaga na kuvuka barabara.

"Mama," Sindano akauliza, "nitamwamini tena?"

Mama alikuwa anaifunika kompyuta shuka lake, baada ya kuhakikisha kwa macho yake kwamba programu imefungwa.

"Uzi ukikatika unaweza kuufunga fundo, ukaendelea kushona," alisema. "Ila fundo utalipapasa kila ukipita hapo, na si vibaya ulipapase. Yeye alinichungulia kama mtu anayefunua nguo za mwenzake. Hilo ni lake, litamchukua muda kulifua. Lako ni lile ulilonitendea mimi: ulinidanganya kwa jambo dogo, na jambo dogo likaacha mlango wazi. Ukweli ungeniambia siku ile ile, tungeufunga wote wawili kabla chakula hakijapoa. Jumbe za watu ni siri za watu, mwanangu. Ukikabidhiwa ufunguo, hesabu milango yote kabla hujaondoka."

"Nimesikia, mama."

"Na kesho uweke stetasi. Ndege sasa ameshavaliwa."

Sindano akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaenda kulala, na usingizi ukamchukua hata kabla hajavuta shuka. Mama akamfunika, akaokota pini moja iliyosahaulika mlangoni, akazima taa. Ng'ambo ya barabara dirisha lile nalo likawa giza. Naye mama akajinyoosha, mgongo ukamshukuru, akalala.